Daftari la Ruzuku Lisomwe Hadharani



Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kilimo na haki ya wananchi kujua nani anazipata. Naanza na mlango wa ofisi ya kijiji.

Ulikuwa msimu wa 2010/11, nyumbani kwetu Nyanda za Juu Kusini. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono zilibandikwa mlangoni kwa uji wa ugali, na ile ya chini kuku walikuwa wameshaidonoa kona. Hiyo ndiyo ilikuwa orodha ya kaya zitakazopata vocha za pembejeo. Shangazi yangu alisimama mbele ya mlango akipitisha kidole mstari kwa mstari, maana kusoma kwake ni kwa taratibu. Kwenye karatasi ya tatu kidole kikasimama. Akamgeukia mzee aliyekuwa nyuma yake, akamwuliza kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, huyu si tulimzika mwezi wa saba?" Mzee akasogea, akasoma, akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Tulimzika. Kaburi nilichimba mimi."

Habari ilimfikia mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama. Wiki ile ile mkutano ukaitishwa. Mtendaji alijibu kwamba orodha imeshakwenda wilayani na haiguswi tena. Watu hawakuondoka. Mwisho wa yote vocha za marehemu alipewa mjane mmoja wa kitongoji cha juu. Mahindi yake yalikuwa yameshachomoza, kwa hiyo mbolea ya kupandia ilimpita. Aliwahi ya kukuzia tu. Lakini aliwahi.

Ndugu zangu, kosa lile halikugunduliwa na mkaguzi wala na kompyuta. Lilionwa na mwanamke anayesoma kwa kidole, likathibitishwa na mzee aliyeshika jembe siku ya maziko. Ninachotaka kusema jioni hii kimo chote kwenye mlango ule. Fedha ya umma inayogawiwa kwa majina mlinzi wake wa kwanza ni jirani, na jirani hawezi kulinda asichokiona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ruzuku tunalo. Swali langu ni moja: nani analisoma?

Fedha hii ni ya nani

Ruzuku ni neno la ofisini, lakini kazi yake ni nyepesi kuieleza. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 una bei yake sokoni. Serikali inalipa sehemu ya bei hiyo, mkulima analipa inayobaki. Mwaka 2022 bei ya mbolea duniani ilikuwa imeshapaa, na vita ya Ukraine ikazidi kuipaisha. Hapa nchini mfuko wa DAP au wa Urea ukavuka shilingi 120,000. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150, na kuanzia Agosti mwaka ule mkulima aliyesajiliwa akaununua mfuko huo kwa shilingi 70,000. Majirani zetu wa Kenya nao, mwezi uliofuata, walishusha mfuko wao kutoka shilingi 6,500 za kwao hadi 3,500, na baadaye wakafika 2,500.

Ile tofauti ya shilingi 50,000 na zaidi kwa kila mfuko haikuyeyuka. Kuna mtu ameilipa. Ameilipa dereva wa bodaboda kila anapojaza petroli. Ameilipa mama lishe kwenye mafuta ya kupikia, na mwanafunzi kwenye vocha ya simu. Na sikilizeni hili: hata mkulima aliyeachwa nje ya orodha ameilipa, kwa sababu naye ananunua sabuni na sukari. Amechangia mbolea ya jirani yake. Basi akiuliza jirani amepata mifuko mingapi, msimwite mmbeya. Anauliza mchango wake umekwenda wapi.

Katiba yetu imemweka mahali pazuri pa kuulizia. Ibara ya 18 inampa haki ya kupewa taarifa juu ya mambo yanayogusa maisha yake na jamii yake. Ibara ya 27 inamtwika wajibu wa kulinda mali ya umma na kupiga vita ubadhirifu. Huwezi kumpa mtu rungu la ulinzi halafu ukamfungia nje ya ghala analolinda. Ibara hizi mbili zinakwenda pamoja: ya kwanza inamfungulia mlango ili aweze kutimiza ya pili.

Vocha na kamati zake

Wengi wenu mnaikumbuka programu ya vocha za pembejeo, iliyoanza kwa upana msimu wa 2008/09 na kuendelea hadi 2013/14, sehemu ya gharama zake ikiwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ililenga kaya zipatazo milioni 2.5 za wakulima wadogo wa mahindi na mpunga, kila kaya kwa misimu mitatu. Kaya ilipata vocha tatu: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia, na moja ya mbegu bora. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei. Nusu nyingine mkulima aliitoa mfukoni. Wakala wa pembejeo alizikusanya vocha na kwenda kulipwa benki ya NMB.

Waliopanga utaratibu ule walikuwa wamefikiri. Walisema wanufaika wachaguliwe na kijiji chenyewe. Mkutano mkuu wa kijiji uchague kamati ya vocha yenye wanawake watatu na wanaume watatu. Kamati itafute wakulima wanaolima eneo lisilozidi hekta moja ya mahindi au mpunga, wenye nia ya kutumia pembejeo na uwezo wa kulipa ile nusu, na itangulize kaya zinazoongozwa na wanawake. Kwenye karatasi, ni utaratibu mzuri. Mtu wa wilayani hawezi kujua nani analima nini, kijiji kinajua.

Lakini kijiji ni nani? Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, waliuchunguza mgao wa mwaka 2009 mkoani Kilimanjaro na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Waliona kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Waliona pia kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na kwenye vijiji ambako pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Hapo ndipo unapouona ule msemo wa shamba la bibi ukitimia: kila aliye karibu na uzio anachuma.

Nataka niwe mwadilifu kwa viongozi hawa, maana ninaishi nao na wengine ni ndugu zangu. Si kila aliyejiandikisha alikuwa mwizi. Masharti yenyewe yalidai uwezo wa kuchangia nusu ya bei, na kaya maskini kabisa haikuwa nayo. Vocha isiyotumika iliisha muda wake, na kiongozi mwenye fedha aliona bora aitumie yeye kuliko ipotee. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watano, alikwenda kwa wakala na vocha zake tatu bila senti. Wakala akamwambia: "Mama, weka saini hapa, hapa na hapa, nikupe elfu kumi." Akaweka dole gumba mara tatu, akaondoka na elfu kumi yake. Kwenye vitabu vya serikali mama yule alipata mbolea na mbegu. Shambani kwake hakukuwa na chembe.

Sasa jiulizeni: kama jina lake na mifuko yake vingesomwa mkutanoni baada ya msimu, ingekuwaje? Yeye mwenyewe angekuwa amekaa pale kwenye nyasi. Majirani wanaopita kando ya shamba lake kila siku wangekuwa wamekaa pale. Wakala angelijua hilo kabla ya kutoa ile elfu kumi. Na pengine kijiji kingeulizana jambo la maana zaidi: tufanyeje ili wasio na nusu ya bei waipate, tuchangishane, tukopeshane, au tuiombe serikali ibadili sharti? Orodha iliyofichwa humficha mwizi, na pia huficha tatizo ambalo si la mwizi.

Namba kwenye simu

Vocha za karatasi zimepita. Utaratibu wa sasa ni wa kidijitali. Mkulima anakwenda kwa mtendaji, anatoa jina, namba ya simu, eka zake na mazao yake. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo. Anapokea namba yake kwenye simu, anaipeleka kwa wakala, wakala anaiingiza, na mfuko unaotoka unasomwa alama yake kwa simu. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea inaweza kujua mfuko gani umetoka kwa wakala gani kwa namba ipi. Haya ni maendeleo na ninayapongeza kwa moyo wote. Ile saini ya elfu kumi ni ngumu zaidi leo.

Ngumu, lakini inawezekana. Mfumo unajua namba; shamba haulijui. Ukiuambia una eka 20, unaandika eka 20. Hauwezi kujua kwamba kumi kati ya hizo ni mawe, au kwamba tano ni za kaka yako naye ameziandikisha. Hauwezi kujua kwamba namba ya bibi fulani anaishika mtu mwingine anayejidai kumsaidia. Anayejua ni jirani. Na hapa ndipo ninapopata wasiwasi: tulipohamisha daftari kutoka karatasi hadi kompyuta, tulilihamisha pia kutoka machoni pa jirani. Kijijini kwetu sijaiona tena orodha mlangoni. Shangazi yangu sasa anapata mbolea kwa namba inayokuja kwenye simu ya mjukuu wake. Anajua yake tu. Kidole chake hakina pa kupita.

Kuna jambo la pili ambalo orodha ingetuonyesha, na hili halihusu udanganyifu hata kidogo. Ruzuku imo ndani ya mfuko. Kama kila mfuko umebeba shilingi 50,000 za umma, mwenye eka moja anayenunua mifuko miwili amebeba 100,000. Mwenye shamba kubwa anayenunua mifuko 200 amebeba milioni 10. Wote wamefuata sheria. Lakini je, hivi ndivyo tulivyokusudia tulipokubali kodi zetu zitumike? Labda ndiyo, maana mwenye shamba kubwa naye analisha taifa. Labda hapana. Hatuwezi hata kulijadili kama hatuzioni tarakimu.

Jambo la tatu wengi hawalijui. Katika utaratibu huu mkulima hapokei fedha taslimu. Fidia ya serikali inalipwa kwa kampuni zilizoingiza na kusambaza mbolea. Kwa hiyo tunaposema wapokeaji wa ruzuku, majina ya kwanza ya kuwekwa wazi ni ya hao wakubwa: kampuni ipi imelipwa kiasi gani, kwa tani ngapi, kwa bei ipi. Itakuwa dhuluma tukimwanika mkulima wa mifuko miwili mlangoni, huku aliyelipwa mabilioni yumo kwenye faili lenye mhuri wa siri.

Waliofungua madaftari yao

Msidhani ugonjwa huu ni wa nchi maskini. Umoja wa Ulaya hutumia karibu theluthi moja ya bajeti yake yote kwa kilimo. Kwa miaka mingi wananchi wa huko walionyeshwa picha ya mkulima mdogo na ng'ombe wake watatu, wakaambiwa ndiye anayesaidiwa. Denmark ilifungua daftari lake mwaka 2004. Uingereza ikafuata mwaka 2005, sheria mpya ya uhuru wa habari ilipoanza kufanya kazi. Majina yaliyotoka yalikuwa ya kampuni ya sukari ya Tate & Lyle, ya mabwana wakubwa wa ardhi, na ya Malkia mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amevunja sheria. Malipo yalifuata ukubwa wa ardhi na wingi wa mazao, kwa hiyo mwenye ardhi kubwa alipata kikubwa. Hesabu iliyokuja kufahamika na wengi ni kwamba asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wapokeaji. Orodha ilifichua sheria yenyewe, na tangu hapo hakuna mjadala wa ruzuku Ulaya unaoweza kuikwepa hesabu hiyo.

Marekani waandishi wa gazeti la Washington Post walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 1996 hakimu akaamuru majina yatolewe. Mwaka 2001 shirika moja la mazingira likayaweka yote kwenye intaneti, na wananchi wakaona kwamba wapokeaji wa ruzuku za wakulima ni pamoja na tajiri David Rockefeller na mchezaji wa mpira wa kikapu Scottie Pippen. Lakini mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo likapitisha kifungu kilichofunga sehemu ya taarifa hizo tena. Nalitaja hili ili tusijidanganye: daftari lililofunguliwa linaweza kufungwa, kama hakuna anayesimama mlangoni.

Na wapo waliolipa gharama kubwa kwa kuchungulia ndani. Mwandishi kijana wa Slovakia, Ján Kuciak, alipigwa risasi nyumbani kwake Februari 2018 pamoja na mchumba wake. Habari aliyoiacha bila kuimaliza ilihusu watu wenye uhusiano na mafia wa Italia na fedha za kilimo za Ulaya walizokuwa wakizipata mashariki mwa nchi yake.

Turudi karibu na nyumbani. Uganda, kati ya mwaka 1991 na 1995, serikali kuu ilipeleka ruzuku kwa shule za msingi. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipofuatilia, waligundua kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha zilizokusudiwa. Nyingine ziliishia njiani, wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye zaidi ya asilimia 80 ya fedha zilikuwa zinafika. Wapo wachumi wanaosema magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwamba kulikuwa na mageuzi mengine pia, na nadhani wana hoja. Lakini fikirini hali ya mzazi wa huko. Kabla ya hapo alikuwa hajui hata kwamba kuna fedha. Huwezi kudai usichojua kuwa ni chako.

Na India, katika jimbo la Rajasthan, chama cha wafanyakazi na wakulima kiitwacho MKSS kilianza mwaka 1994 kuitisha mikutano ya hadhara vijijini. Walichukua daftari za malipo ya kazi za umma wakazisoma kwa sauti mbele ya watu wale wale walioandikwa humo. Watu walisikia majina ya wenzao wakilipwa kwa siku ambazo hawakufanya kazi, na wengine walisikia majina yao wenyewe. Kutokana na mikutano ile, chini ya turubai, kuliota vuguvugu lililoipatia India sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2005. Ona ilivyoanza: mtu mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, na msikilizaji anayejua anainua mkono.

Siri, wivu na aibu

Nimewahi kulisema hili mbele ya wazee wa kijiji kwetu, na walinipinga kwa hoja tatu. Ni hoja nzito, nami sitaziruka.

Ya kwanza ni siri ya mtu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na ni sheria njema. Ulaya walikwaruzana na jambo hili hili. Wakulima wa jimbo la Hesse, Ujerumani, walishitaki wakidai kutangazwa kwao kunaingilia maisha yao binafsi, na mwezi Novemba 2010 Mahakama ya Ulaya ikawakubalia. Isomeni vizuri hoja yake, maana ina hekima. Mahakama haikusema uwazi ni kosa. Ilisema haifai kuwatangaza watu wote kwa mkupuo, bila kutofautisha aliyepokea kidogo na aliyepokea kingi, aliyepokea mara moja na anayepokea kila mwaka. Ulaya ikaitengeneza upya sheria mwaka 2013: majina yakarudi hadharani, lakini wapokeaji wadogo, hadi euro 1,250 kwa mwaka, wakalindwa. Tujifunze kipimo hicho. Kadiri unavyochukua kingi cha umma, ndivyo umma unavyopaswa kukujua.

Hoja ya pili ni wivu. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, ukisoma kwamba fulani kapata mifuko sita na mimi miwili, umewasha moto." Namwelewa. Husuda ipo, na vijijini inaweza kuua urafiki wa miaka. Lakini wivu haungoji orodha. Mifuko inaonekana ikishushwa kwenye pikipiki. Watu wakiona mifuko bila kuelezwa sababu, hujaza pengo kwa dhana: kapewa na shemeji yake, kahonga, kafanya mambo. Orodha inayosema fulani ana eka tatu ndiyo maana ana mifuko sita inaukata ulimi wa dhana hiyo. Na kama hana eka tatu, basi manung'uniko yale yalikuwa ya haki.

Hoja ya tatu ni aibu ya maskini. Hii ndiyo inayonigusa zaidi. Hata hivyo tumeshaipitia kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini, ambako majina hupelekwa mbele ya mkutano wa kijiji. Watu wamezoea, na wengi watawaambia kwamba kuachwa kimya kimya kuliwauma kuliko kutajwa. Tena ruzuku ya mbolea haina aibu ndani yake. Anayeipokea ni mkulima anayelisha nchi, naye ametoa fedha yake kwanza. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na ghala letu la taifa ndivyo lilivyo: tukiendelea kufichana, halitazaa.

Ninachopendekeza

Napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kujenga ofisi mpya.

Moja, kijijini. Kabla ya kupanda, orodha ya waliosajiliwa isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha ibandikwe. Isomwe jina, kitongoji, eka na zao. Namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya siri ya mkulima zisiguswe kabisa. Baada ya msimu isomwe tena, safari hii pamoja na idadi ya mifuko iliyochukuliwa kwa kila jina. Nasisitiza kusoma kwa sauti, maana wapo wasiosoma kabisa, na masikio ya mkutano hayakosei majina. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeshatupa mkutano huo kila baada ya miezi mitatu. Kinachokosekana ni ajenda.

Mbili, wilayani. Kila msimu itoke taarifa ya kurasa chache: kijiji gani kimepata mifuko mingapi, wakala gani ameuza mingapi, malalamiko mangapi yamepokelewa na yameishaje. Wakala aliyeuza mifuko elfu mbili kwenye kijiji cha kaya mia mbili ataonekana bila kutafutwa.

Tatu, kitaifa. Kampuni zinazolipwa fidia ya ruzuku, na mashamba makubwa yanayonunua kwa ruzuku kupita kiwango kitakachowekwa na Bunge, majina yao na viwango vyao vichapishwe kila mwaka mahali ambapo mwananchi yeyote atavipata bila kuandika barua. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti yake kila mwaka, nasi tunaisoma kwa hamu. Lakini yeye hukagua baada ya tukio, na hana macho ya kuona kila shamba. Tumpe wasaidizi milioni kadhaa wasiodai posho.

Nne, ulinzi wa anayeinua mkono. Shangazi yangu aliuliza kwa sauti ya chini, na sababu yake mnaijua. Anayemsema mtendaji leo, kesho anahitaji barua ya mtendaji huyo huyo ili mtoto wake apate mkopo wa chuo. Kwa hiyo lazima iwepo njia ya kulalamika isiyopita kwa mlalamikiwa: kwa diwani, kwa ofisi ya wilaya, kwa TAKUKURU, na jina la mlalamikaji lifichwe. Ndiyo, hapa nataka siri. Asiye na nguvu anaihitaji ili aseme ukweli. Mwenye madaraka haihitaji kwa fedha isiyokuwa yake.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba orodha ikisomwa njaa itaisha. Mbolea inaweza kufika kwa anayestahili na bado mvua ikakataa. Mbegu inaweza kuwa mbovu, bei ya gunia inaweza kuanguka wakati wa mavuno. Kusoma majina ni kazi ndogo. Lakini ni kazi ambayo kila mmoja wenu anaweza kuianzisha bila kungoja ruhusa ya mtu.

Mkutano mkuu wa kijiji chenu hauko mbali. Utakapofika, na mwenyekiti atakapouliza kama kuna mengineyo, simameni. Salimieni wazee kwa heshima, kisha ulizeni kwa utulivu: orodha ya ruzuku ya msimu huu iko wapi, na itasomwa lini? Mkijibiwa kwamba imeshakwenda wilayani, msiondoke. Watu wa kijiji chetu hawakuondoka siku ile, na mjane wa kitongoji cha juu akawahi mbolea ya kukuzia.